Inchi Mbili

Redio ya Dama, pale anapokaangia viazi,
inasoma bajeti tangu saa tisa.
Waziri anasema kwa Kiingereza chake,
mtangazaji anamfuata mbio na Kiswahili
kama mtoto aliyebeba ndara za babake.
Bilioni hii, bilioni ile.
Mimi nakanyaga cherehani nikihesabu kimoyomoyo:
unga, robo ya sukari, tokeni ya hamsini,
deni la Bahero la tangu mfungo sita.
Miaka kumi na tisa niko hapa Malindi, mtaa wa Barani,
bilioni sijaiona ikipita
hata kuomba maji ya kunywa.

"Wananchi wafunge mikanda," mtangazaji akasema.
Nikacheka hadi uzi ukakatika.

Maana leo asubuhi, nikifungua tu mlango,
mheshimiwa wetu aliingia kupimwa suti.
Akainua mikono kama aliyekamatwa,
nikamzungushia futi kiunoni:
arubaini na nne.
Daftari langu halina adabu, linakumbuka:
kabla ya kura zilizopita, arubaini na mbili.
"Andika arubaini na mbili," akaninong'oneza,
"nitapungua."
Nikaandika.
Huenda hata bajeti huandikwa hivi,
na mtu aliyeshika kalamu
asiyetaka kupoteza mteja.

Mume wangu Lali huwajua mawaziri wote kwa majina,
nani kafukuzwa, nani kahama chama,
nani alimwangalia nani vibaya kwenye mazishi.
Hoteli yao imefunga hadi wageni warudi,
basi wakati anao.
Muulize kilo ya unga ni ngapi,
atatazama simu.
Simlaumu sana. Aibu ya mfuko mtupu
huomba mahali pa kujificha,
na taarifa ya habari ni pana, inamtosha.

Fauzia amerudishwa karo, mara ya pili muhula huu.
Kakaa kwenye kigoda, anasoma jiografia,
sketi imemwishia juu ya magoti.
Nilishusha pindo mwaka jana, nikashusha tena Januari,
sasa pindo limekwisha.
Zimebaki alama za mishono ya zamani,
mistari miwili iliyopauka
inayoonyesha alipokuwa mfupi.

Nitasema na langu, nisionekane malaika.
Kofia mia mbili za zambarau nilizishona mimi.
Na usiku, mlango nimeufunga,
nikashona mia na hamsini za kahawia, za mpinzani wake.
Nusu ya malipo hadi leo ni "kesho, fundi."
Na ile noti ya mia tano
iliyokunjwa ndogo ndani ya salamu,
niliipokea.
Nikanunua mafuta ya kupikia na dawa ya kifua ya mama.
Mafuta yaliisha wiki ya tatu.
Mheshimiwa bado hajaisha.

Dama anatoa betri kuzianika juani,
bilioni zinakatikia katikati ya neno.
"Fundi, wamepunguza nini?"
"Ngoja habari za saa moja."
"Saa moja mimi nitakuwa nakaanga."

Nachukua mkasi. Arubaini na mbili, kama alivyotaka;
akivuta pumzi, shauri yake na vifungo.
Kipande kinachobaki nakijaribu kwenye sketi ya Fauzia:
buluu ya benki juu ya kijani cha shule.
Havipatani.
Nakikunja hata hivyo, nakitia kwenye mfuko wa mabaki.

Bila kuinua kichwa, mwanangu anauliza,
"Mama, inchi mbili ni sentimita ngapi?"
"Tano na kidogo."

Anaandika: tano.